Kiapo cha Fundi Sumaili juu ya Mashini ya Nzanzu

Fundi Sumaili wa Kindu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kutamka neno "sijui." Ukimpelekea redio, anajua. Cherehani, anajua. Saa ya ukutani, taa ya karabai, mizani ya muuza chumvi, vyote anajua, tena alivijua kabla hujamaliza kueleza shida. Kwamba kila akimaliza kazi hubaki skrubu tatu nne mezani, hilo halikumnyima usingizi. Alisema wazungu ni watu waoga, hufunga skrubu nyingi kuliko haja, na kazi ya fundi ni kuwapunguzia hofu. Watu wakamwita Fundi Mabaki. Yeye akacheka nao, akazitia skrubu zake katika kopo la maziwa, akaendelea na kazi.

Kibanda chake kilikuwa chini ya baraza ya duka la Nzanzu, karibu na stesheni ya treni, na juu yake kilining'inia kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: SUMAILI FUNDI WA VYOTE. Kibao hicho alikiandika kwa mkono wake. Shule ya kizungu hakuiona hata dirishani. Alisoma chuo cha Kurani, na hizi herufi nyingine alijifunza peke yake kwenye magunia ya chumvi na makopo ya samaki. Basi alikipenda kile kibao kupita kiasi. Kila asubuhi alikifuta vumbi kwanza, ndipo akasalimu watu. Mkewe, Safi, alisema kama kibao kingekuwa mwanamke, yeye angeshakwenda kwa kadhi zamani.

Mtu mmoja tu alikichukia, naye ni Bi Sharifa, mama mkwe wake, aliyekaa kijijini Tunda na kulima mihogo na mpunga. Kwa Bi Sharifa mwanamume ni jembe, na huyu mkwe wa kufungua redio za watu hakumhesabu. Kila msimu alimtumia salamu na wasafiri kwamba shamba lake lipo, linamngoja. Mwaka ule wa 1988 hakutuma salamu. Alituma jembe lenyewe, lenye mpini mpya, limefungwa kwa majani ya migomba, likaja na treni ya mizigo. Sumaili akalisimamisha nyuma ya mlango na kulipa mgongo.

Mwezi wa tatu ndipo Nzanzu, mwenye duka, aliporudi safarini. Nzanzu alikuwa Mnande wa upande wa Butembo, mtu mfupi mwenye haraka, na lori lake lilijaa masanduku aliyonunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao. Katika sanduku moja mlikuwa na kitu cha kioo, chini yake sanduku zito la chuma, na ubao wa vidude vyenye herufi kama vya mashini ya kuandikia. Nzanzu aliona kioo, akaamini ni televisheni. Akaalika majirani kutazama mpira, akawapangia viti, akachomeka waya. Kitu kikasema "pu," kikatoa moshi mwembamba, kikanyamaza. Majirani wakarudisha viti wenyewe. Toka siku ile kitu kile kikawa meza ya kuwekea sabuni.

Kingekuwa meza mpaka leo, lakini siku moja aliingia dukani Citoyen Matata kununua sukari. Citoyen Matata ndiye aliyekuwa mkubwa wa chama pale mjini, na kwa asiyekumbuka miaka ile nitaeleza kidogo. Zaire nzima ilikuwa na chama kimoja, na mtu alizaliwa ndani yake apende asipende. Hakuna aliyeitwa bwana wala "monsieur", sote tulikuwa "citoyen," yaani raia. Tai za shingoni zilipigwa marufuku, na majina ya ubatizo vilevile, toka mwaka wa 1972, hivyo kina Jean na Pierre na Paul walilazwa kabatini pamoja na tai zao. Wengine waliyatumia chinichini majumbani, lakini si mbele ya Citoyen Matata. Yeye aliwahi kusimamisha mazishi, jeneza liko mabegani mwa watu, mpaka seremala alipofuta neno "Léontine" msalabani. Alikuwa hana mchezo kabisa.

Citoyen Matata akaondoa sabuni moja, akatazama, akaondoa ya pili.

"Citoyen Nzanzu," akasema, "hii haiko televisheni. Hii njo ordinateur. Niliona moja Kinshasa. Na chama yetu hapa Kindu haina." Ordinateur ndiyo kompyuta.

Mfanyabiashara ambaye lori lake hupita vizuizi saba hahitaji kuambiwa mara mbili. "Njo ya chama, Citoyen," akajibu Nzanzu upesi. "Mi nilikuwa naichunga tu."

"Muzuri. Tarehe makumi mbili ya mwezi wa tano, sikukuu ya chama, raia wataiona ikitumika. Inatumika?"

Nzanzu akapanga sabuni upya. Wateja wakatazama dari. Nje barazani, ambako hakuna aliyemwuliza, Sumaili akainua kichwa kutoka kwenye redio ya mtu.

"Inatumika!" akasema.

"Weye unajua ordinateur?"

"Najua."

Angeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini ulimi hauna mfupa, na wa Sumaili haukuwa hata na kizuizi. Akasimama, akanyoosha kidole juu kwenye kibao, mbele ya watu kumi na wawili niwajuao kwa majina, akaapa: "Siku ile ikikosa kuwaka, Citoyen, mi mwenyewe nitashusha hii kibao, nitaenda Tunda kulima mihogo kwa mama mukwe!"

Watu wakapiga makofi. Maneno yakapanda treni ya jioni. Siku ya nne jibu likafika kutoka Tunda: Bi Sharifa amefurahi sana, na ameanza kufyeka shamba la pili.

"Baba Masudi," Safi alimwuliza mumewe usiku uleule wa kiapo, "ordinateur umeiona lini?"

"Leo."

Safi akamtazama, akatazama nyuma ya mlango, akaanza kucheka hata akakaa chini. Kesho yake Sumaili akaanza kazi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Alifungua sanduku la chuma kwa heshima zote, akasema bismillahi, akachungulia. Ndani aliwakuta wenyeji. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ya vyumba vinne, na mende, baba, mama na ukoo wote, walikuwa wamekaa hapo tangu enzi za yule mzungu. Sumaili akawahamisha. Akabandua udongo kwa kijiti, akapuliza vumbi mpaka kope zake zikawa nyeupe. Vile vibao vya ndani, vyenye meno ya shaba, akavichomoa kimoja kimoja, akayasugua meno kwa raba ya mtoto wa shule hadi yakang'aa, na kila alipochomoa alichora mahali pake katika karatasi, kwa sababu mwaka huu hakutaka mabaki. Akakuta fyuzi imeungua, akaipatia nyingine kutoka katika redio moja marehemu. Halafu akakuta feni ndogo iliyokwama kwa kutu. Mafuta ya mashini hakuwa nayo. Alikuwa na mawese, mafuta yale yale mekundu ya jikoni kwa Safi, akaidondoshea feni matone sita. Ikazunguka vizuri mno. Kasoro yake ni moja: ikipata moto ilipuliza harufu ya sombe, mboga ya majani ya mihogo iliyoungwa, na kila aliyeikaribia ile mashini aliuliza kama chakula kimeiva.

Alipofunga, skrubu tisa zilibaki. Haikuwa imetokea kamwe kubaki tisa. Akazitazama kwa huzuni, akazitia katika kopo la maziwa, akachomeka waya na kufumba macho.

"Fundi, fungua macho," akasema Nzanzu. "Inaandika!"

Ilikuwa inaandika kweli, herufi za kijani kibichi juu ya weusi. Nzanzu aliyejua Kifaransa akasoma kwamba mashini inaomba kitu chake, iingiziwe mdomoni. Wakapekua sanduku zima hadi wakaona, chini ya majani makavu, bahasha nyeusi ya mraba, nyembamba, yenye kisahani laini ndani yake na tundu la kukichungulia. Kisahani kilikuwa kimeota ukungu kama mkate wa wiki mbili.

Sasa hapa ndipo nitamsifu Sumaili, maana nimemcheka vya kutosha. Fundi mwingine angekitupa. Yeye alichovya pamba katika maji ya sabuni, akakizungusha kile kisahani kwa kidole ndani ya bahasha yake, akakiosha kidogo kidogo kupitia lile tundu, siku nzima, kama mtu anayeosha jicho la mtoto. Safi akakianika kivulini kwenye kamba, kati ya kitenge chake na kanzu ya Ijumaa. Asubuhi kikawa kikavu na safi.

Wakakiingiza. Mashini ikafanya krrr, krrr, ikapumua harufu ya sombe, ikaandika:

BONJOUR MONSIEUR JEAN-BOSCO.

Nzanzu akaruka, akafunga mlango wa duka, akashusha na dirisha.

"Inasema nini?" akauliza Sumaili. Nzanzu akamwambia kwa kunong'ona. Yule mzungu wa kahawa, kumbe, aliifundisha mashini imsalimu kwa jina kila inapoamka, na mashini ni kitu cha adabu, haikusahau. Maneno matatu tu, na mawili kati yake ni ya kifungo.

"Fundi, toa hiyo jina!"

"Nitaitoa," akasema Sumaili.

Akaitafuta kwa bisibisi. Akaizima, akaigeuza miguu juu, akaitikisa. Akajaribu kuiwasha bila kisahani. Ikagoma, ikaomba kisahani. Nzanzu akaona pengine itakubali kusahihishwa kwa upole, akaandika CITOYEN MATATA, akabonyeza kidude kimoja kikubwa cha pembeni. Mashini ikajibu mara moja.

"Inasemaje?"

Nzanzu alikuwa amekwisha kuifunika kwa gunia. "Inasema hii jina haiko sawa," akasema, na jasho likamtoka.

Siku zikakatika. Sumaili akawa haoni usingizi. Aliota yuko Tunda, mihogo inamwita mmoja mmoja kwa Kifaransa. Akimwambia Citoyen Matata kwamba mashini imepona lakini hainyamazi, hiyo ni kukosa, na kiapo ni kiapo. Asipomwambia, watasoma watu wote. Siku mbili kabla ya sikukuu, kwa hasira tu, akakipiga kile kidude kikubwa ngumi. Salamu ikapanda juu mstari mmoja. Akapiga tena, ikapanda tena. Akahesabu: kwa ngumi ya ishirini na nne Jean-Bosco akatoka juu ya kioo, akapotea, kioo kikabaki cheusi kitupu. Wakakumbatiana, yeye na Nzanzu, mpaka kofia zikaanguka.

Mpango ukawa huu. Mashini itawashwa mapema, chini ya kitambaa. Itasalimu gizani, Jean-Bosco atapandishwa hata atoke, kisha Nzanzu ataandika VIVE LE MPR, yaani chama kidumu, na hapo mkono wa mtu usikiguse tena kile kidude kikubwa, isije ikajibu kwamba nayo haiko sawa. Halafu kitambaa kitafunuliwa.

Tarehe ishirini uwanja ulijaa. Wachezaji wa chama walikuwa wamevaa vitenge vyenye sura ya Rais kifuani na mgongoni, ngoma zilikuwa zimeota moto, na mwenye jenereta alikuwa ameileta kutoka ng'ambo, Alunguli, kwa mtumbwi. Mstari wa mbele, katika kiti cha mikono, alikaa mama yake Citoyen Matata, kikongwe kutoka Lokandu, ambaye watu waliagizwa kumwita Mama Matata. Jina lake la kanisani lilikuwa Joséphine, na alilitaja kwa yeyote aliyeinama karibu.

Kitambaa kikaondolewa. VIVE LE MPR, kijani cha chama kabisa! Uwanja ukalipuka. Citoyen Matata alijaa kifua hata vifungo vya abacost yake, koti lile lisilotaka tai, vikateseka, akasema mnaona, hata rangi yake inapenda chama. Mstari wa mbele wakavuta pumzi, wakaulizana sombe iko wapi. Sumaili alitazama juu akashukuru. Alikwisha kuona jembe likirudi Tunda kwa treni.

Lakini siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Wachezaji wakapandisha wimbo, mwenye kipaza sauti akaongeza sauti ili hata Mungu asikie, na jenereta, iliyokuwa ikivuta vyote hivyo, ikakohoa mara mbili ikazimika. Kioo kikawa cheusi. Sumaili akamtazama Nzanzu. Nzanzu akatazama mbingu, akakumbuka shughuli ya haraka nyuma ya lori lake, akaenda.

Mwenye jenereta akavuta kamba. Ikawaka. Krrr, ikasema mashini, krrr.

Sumaili akarukia kile kidude kikubwa. "Acha!" akasema Citoyen Matata, aliyekuwa ameketi mezani kando ya mashini, akiwaelekea watu, kioo kakipa mgongo. "Usiiguse. Inataka kusema na raia. Soma, Fundi, watu wasikie." Akampa kipaza sauti.

Sumaili alisoma kimoyomoyo, ingawa hakuhitaji. "Bonjour," akasema kwa sauti ndogo, "bonjour..."

"Nguvu! Soma nguvu kama mwalimu!"

Sumaili akaona mihogo, heka kwa heka. Akafikiri kudanganya, lakini kwenye uwanja ule waliojua Kifaransa walikuwa wengi, tena wameanza kusoma wenyewe na kugusana viwiko. Basi akafumba macho, akajaza mapafu, akaita kwa ukali kama mwalimu anayeita majina asubuhi:

"JEAN-BOSCO!"

"Présent!"

Aliyeitika alikuwa Citoyen Matata. Alisimama wima, visigino pamoja, mikono imebana mapaja, kidevu juu, mtoto wa shule ya misheni mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. Kule nyuma mkuu wa wapiga ngoma naye alikuwa amesimama, na mlinzi mmoja wa bandari, lakini hao hawakuonekana na mtu.

Hata jenereta ikawa kama inaona haya. Kisha mstari wa mbele kikongwe akapiga kigelegele.

"Njo mutoto wangu! Mashini ya Ulaya inajua mutoto wangu! Nilimuzaa Lokandu, Padiri akamubatiza Jean-Bosco, nilisema mi mwenyewe hii jina haitapotea!"

Citoyen Matata alibaki amesimama. Rangi ilimpanda, ikashuka, ikapanda. Akamnyang'anya Sumaili kipaza sauti.

"Raia!" akasema. "Mumesikia. Hii mashini ilikuwa ya mukoloni, imeita jina ya mukoloni. Mi nimeitika ili muione kwa macho, halafu tuizike! Leo Jean-Bosco amekufa!"

"Nani amekufa?" akauliza mama yake. "Si huyu hapa?"

Watu wakapiga makofi. Miaka ile tulipiga makofi kwa kila kitu, na siku ile yalitusaidia, maana ukipiga makofi kwa nguvu unaweza kuinama na kucheka mpaka machozi yakutoke, mtu asijue.

Alasiri mashini ikabebwa mpaka ofisini kwa Citoyen Matata, Sumaili akafuata nyuma kama mtu anayefuata jeneza lake. Mkubwa akawafukuza wabebaji, akafunga mlango kwa ufunguo. Akaiwasha mwenyewe. Ikasalimu. Wakasimama wote wawili wakiitazama.

"Hii jina," akasema Citoyen Matata bila kugeuka, "inasema kila siku?"

"Kila ikiamka, Citoyen."

"Unaweza kuitoa?"

Ndivyo lilivyofika swali lenyewe. Sumaili alifungua kinywa kusema "naweza," kama alivyosema maisha yake yote, na neno halikuja. Alikuwa amechoka. Alimwonea huruma yule mtu na kujionea huruma mwenyewe.

"Sijui, Citoyen," akasema. "Iko ndani sana. Nilijaribu yote. Kesho nitashusha kibao."

Citoyen Matata alinyoosha kidole, akafuta vumbi lililokuwa juu ya kioo, pale penye jina, taratibu.

"Nani alikutuma uitoe?" akasema. "Mama yangu amezeeka, Fundi. Akienda, njo nani ataniita?"

Sumaili akaomba ruhusa, akafunguliwa mlango, akaurudisha polepole nyuma yake. Halafu akaenda mbio nyumbani kumwambia Safi kwamba hawaendi Tunda.